Mume wangu ana orodha ya sehemu kumi na nne, na wikendi ni moja

Barua za mwezi huu karibu zote ni za Mombasa, sijui ni hii baridi ya Nairobi inawafukuza ama ni nini. Nimechagua chache, na ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu najua nyumba nyingi mna huyo huyo mume, ama nyinyi ndio huyo mume.

*Shikamoo shangazi. Mimi naishi Kitengela, niko na watoto wawili, ndoa ina miaka saba na hatujawahi kwenda mahali sisi wawili tu, hata siku moja. Sasa mama mkwe amekubali kukaa na watoto Ijumaa mpaka Jumapili, tumesema twende Mombasa. Shida ni mzee wangu. Ameandika kwa simu yake orodha: Fort Jesus, Mapembeni, Marikiti, Haller Park, Mamba Village, Bombolulu, Jumba la Mtwana, Gedi, Watamu, Malindi, ile nguzo ya Vasco da Gama, Diani, Wasini, Shimba Hills. Kila moja ameipa saa yake, ati saa mbili hapa saa tatu na nusu pale. Mimi nilikuwa nataka kula samaki na kulala bila mtu kuniita mamaa. Tumenuniana tangu jana. Nani yuko sawa?*

Marahaba mwanangu. Nimeihesabu hiyo orodha mara mbili nikadhani ni ya kamati ya utalii ya kaunti. Mwambie mwenzio shangazi amesema hivi: kutoka Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita mia moja na ishirini kaskazini, Wasini ni mbali huko kusini unakaribia mpaka wa Tanzania, kwa hivyo ukizifanya zote mbili kwa Jumamosi moja utakuwa umeona barabara, na barabara hata Kitengela ziko. Lakini na wewe usijifungie chumbani siku mbili ukarudi kusema Mombasa ni joto tu na feni. Nyote wawili mmekosea kidogo, sasa tuendelee.

Mimi nimezaliwa Kibokoni, nitakwambia vile sisi wenyewe huishi. Pwani siku haigawanywi na saa ya simu, inagawanywa na jua na maji. Asubuhi mapema ni ya kutembea, kuanzia saa tano hivi mpaka saa tisa ni ya kivuli, na alasiri ni ya upepo, na baharini unaingia wakati bahari yenyewe iko tayari, hiyo nitaielezea kwa yule kaka wa Eldoret hapo chini. Mtu wa bara akija anafanya kinyume, analala mpaka saa nne, anatoka saa sita mchana na kofia ameisahau hotelini, saa nane anaumwa na kichwa anagombana na mke.

Ijumaa ombeni ruhusa kazini mpande treni ya saa tisa alasiri hapo Syokimau, nyinyi ni karibu kabisa. Tiketi muibuku mapema kwa simu, wikendi zinaisha haraka, na mbebe vitambulisho. Daraja la kawaida tangu 2024 ni 1,500 na la kwanza ni 4,500, ndio, ilipanda, tushalia tukanyamaza. La kawaida viti vinatazamana na magoti yenu yatajuana na ya watu wengine masaa matano, kama mnajiweza kwenda pekee liwe la kwanza ni sawa na kurudi la kawaida, au mfanye la kawaida yote hizo pesa mle samaki, mimi ningefanya hivyo. Jaribuni kukaa upande wa kulia treni ikielekea Mombasa. Mkipita Emali mkielekea Mtito Andei, mawingu yakitoka mtaiona Kilimanjaro, halafu jua likianza kushuka mko ndani ya Tsavo, na hapo wekeni simu chini muangalie nje, ndovu wa kule ni wekundu kwa ule udongo wanaojimwagia, mwanzo unadhani ni kichuguu, kisha kichuguu kinatikisa sikio.

Mtafika Miritini saa mbili na kitu usiku. Stesheni iko nje ya kisiwa, kwa hivyo kuna matatu na teksi za kuingia mjini, mpatane bei kabla hujaweka begi ndani, sio baada. Na hoteli mchukue kisiwani au Nyali hapo ng'ambo ya daraja, msiende kulala mbali kisa picha za mtandaoni, kila siku mtakuwa kwa jam.

Jumamosi ndio siku yenu. Saa kumi na mbili na nusu muwe mshaamka. Najua umesema unataka kulala, utalala, ngoja. Nendeni Mji wa Kale bila kunywa chai hotelini, ule mkate wa slesi na soseji waachieni wengine. Tafuteni pale mnapoona watu wamejaa kwa benchi na sufuria inatoa moshi, muagize mahamri na mbaazi. Hamri likiwa la moto ulipasue kwa mkono, sio kisu, ndani ni tupu kama mfuko na ule mvuke unaotoka una iliki, halafu huo mfuko ndio kijiko chako, unachota mbaazi za nazi nazo ziwe nzito, zikiwa nyepesi huyo mpishi ameongeza maji mpite twende. Na chai ya tangawizi. Mzee wako hapo atasahau orodha, nakuhakikishia.

Saa mbili Fort Jesus inafungua, muwe wa kwanza, kabla mabasi ya shule hayajafika na kabla yale mawe hayajashika moto. Muwe na pesa kwa simu. Ya ngome nimeyaandika kwenye swali lingine hapo chini. Mkitoka muifuate Ndia Kuu kwa miguu, ndia ni njia kwa Kimvita, Kiswahili chetu cha Mombasa, msinicheke. Mbele mtauona msikiti wa Mandhry, mnara wake umechongoka kama pia ya watoto iliyogeuzwa, huo umejengwa 1570, maana yake Mreno alipokuja kujenga ngome yake ulikuwa tayari unaadhiniwa. Tembeeni polepole, angalieni milango ya nakshi na roshani juu, paka ni wengi hawana shida na mtu. Shukeni mpaka bandari ya zamani, pale ambapo majahazi yalikuwa yakija na kaskazi, upepo wa kaskazini, kutoka Arabuni na Bara Hindi, yakauza tende na mazulia, yakangoja kusi, upepo wa kusini, ndio yarudi na boriti za mikoko. Babu yangu alikuwa akisema harufu ya papa mkavu ndiyo ilimwambia mwezi gani, mimi nilikuwa nadhani anatania.

Mkimaliza hapo mpite Marikiti, soko lilifunguliwa tangu 1914, mnunue bizari, iliki na pilipili manga ya kupeleka nyumbani, nusa kwanza, usinunue iliyofungwa tayari. Ni saa tano sasa, jasho limeanza kuingia machoni. Rudini hotelini. Lala, mwanangu. Lala mpaka saa tisa, ndio maana nilikuamsha.

Alasiri mwende Laithausi, wengine wanaiita Mama Ngina, ilitengenezwa upya 2019 sasa kuna viti na njia nzuri ya kutembea ila mibuyu ile mikubwa iko vile vile. Nunueni madafu na mihogo, ile ya kukaanga inapasuliwa katikati wanaipaka limau na pilipili, chumvi kiasi. Sasa kaeni ukutani muangalie lango la Kilindini, meli za makontena zinapita hapo karibu mno, unasikia injini kifuani kabla hujaisikia masikioni, na kila mtu ananyamaza kidogo. Mimi na mzee wangu tumeenda pale miaka ishirini na sita na bado tunabishana bendera ni ya wapi.

Mkitaka kitu cha bure, pandeni feri ya Likoni, watu wa miguu hawalipi, mvuke ng'ambo mrudi. Msipige simu mkiwa mmeishika nje nje pale kwa umati, basi. Usiku mrudi mjini, mishkaki, viazi karai na ukwaju, mkishiba mtafute mzee wa kahawa na dele lake, lile birika la kahawa, vikombe vile vidogo anavigonganisha tii tii tii unamsikia kabla humuoni, kahawa chungu na kashata au halua. Msiombe sukari. Mapembeni mtapita tu mkirudi, zile pembe nne za bati juu ya Moi Avenue, piga selfi dakika mbili, ziliwekwa mara ya kwanza 1952 kumpokea binti mfalme wa Uingereza, sisi huwa hatuzitazami mpaka mgeni atukumbushe.

Jumapili chagueni kitu KIMOJA. Kimoja mwanangu, muandikie kwa herufi kubwa. Kama mzee anapenda wanyama iwe Haller Park kule Bamburi. Ile ilikuwa shimo la kuchimba mawe ya simiti, jangwa kabisa, mwaka 1971 René Haller akaanza kupanda mivinje, na majani ya mivinje yalipokataa kuoza akaleta majongoo wayale, kweli, majongoo, na kinyesi chao kikawa udongo. Leo ni msitu na twiga wanakula mkononi mwako. Ndipo alipoletwa yule kiboko mtoto Owen baada ya tsunami ya Disemba 2004, akaokolewa kule Malindi, akamng'ang'ania kobe mzee kama mama yake, dunia nzima ikaja kupiga picha. Kama wewe ndiwe unachagua, nakushauri Jumba la Mtwana, Mtwapa. Ni magofu ya mji wa karne ya 14, nyumba, visima, na msikiti ulio ufuoni kabisa, mibuyu imeota ndani ya vyumba vya watu. Mara nyingi utakuta mko nyinyi na mlinzi na mawimbi. Watu waliooana miaka saba wanahitaji mahali ambapo hakuna cha kununua.

Na treni ya kurudi ni saa tisa alasiri, tokeni mjini saa sita na nusu. Usiniambie ni karibu. Sisi mwaka mmoja tulikuwa tunampeleka dada yangu, tukasema tumalize biriani kwanza, tukakwama Changamwe nyuma ya malori ya bandarini, tulifika stesheni tunaona mkia wa treni. Na hata ukifika mapema kuna kukaguliwa, mabegi mnayapanga chini kwa mstari mbwa apite ananusa, kisha mashine, kisha mashine ingine. Dada yangu alirudi na basi la usiku na biriani tumboni, hakuongea na mimi hadi Idi.

*Shangazi mambo, mimi ni wa Eldoret. Mwaka jana nilimpeleka mke wangu Bamburi, tukaamka tukavaa nguo za kuogelea, tukafika ufuoni saa nne, bahari haiko! Matope na mawe hadi mbali. Nikaambiwa nirudi saa tisa. Nililipa hoteli ya ufuoni bei hiyo yote ili nini?*

Pole baba, nimecheka lakini pole. Hoteli haina makosa, ulikwenda na bamvua. Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa umeandama, maji yanajaa sana na yanakupwa sana, na hapa kwetu siku hizo maji yanakuwa chini kabisa saa nne saa tano asubuhi, halafu yanajaa alasiri, saa kumi hivi. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika hamsini. Baada ya wiki inakuwa maji mafu, tofauti ni ndogo, asubuhi saa nne unakuta maji yako pale yanakungoja. Kwa hivyo kabla hujabuku tizama kalenda ya mwezi, sio kalenda ya ofisi. Unataka kuogelea asubuhi na chai, njoo na maji mafu. Ukija na bamvua usinune, hiyo asubuhi ndiyo ya kutembea kwenye mwamba, vidimbwi vimejaa samaki wadogo na nyota za bahari, ila uvae slipa ngumu, kuna vile vidude vyeusi vya miiba ukikanyaga utawajua majirani wote. Tena uwaulize wavuvi maji yanarudi saa ngapi, yakirudi yanarudi kwa haraka na nyuma yako kwanza.

Na huu wakati wa kusi upepo ni mwingi na mwani unajaa ufuoni. Sio uchafu, msiwagombeze watu wa hoteli. Wanaotaka bahari imetulia kama maziwa kwenye kikombe waje na kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi. Aprili na Mei ni masika, bei ni rahisi, na utajua kwa nini.

*Mpenzi wangu anasema Fort Jesus ni mawe tu, ati aliiona darasa la sita. Nimjibu nini?*

Darasa la sita aliona chumba cha choo na duka la soda, na hilo sio kosa lake. Mwambie hivi. Wareno waliianza 1593, ramani ilichorwa na Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, na ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu amelala chali, kichwa kimeelekea baharini. Sasa Mombasa ilikuwa na sultani, Hassan, akauliwa 1614, mtoto wake Yusuf akachukuliwa Goa na mapadri, akabatizwa, akafunzwa, akarudishwa huku atawale ikiwa Mreno anamuamini. Mtoto wa mtu aliyeuawa! Agosti 1631 akaingia ngomeni na watu wake, akamchoma kisu kapteni, ngome ikawa yake. Mwaka uliofuata Wareno walikuja na manowari wakashindwa kuitwaa, yeye mwenyewe akaiacha akaenda zake baharini. Halafu 1696 Waomani wakaizingira, sio wiki, sio mwezi, karibu miaka mitatu, hadi Disemba 1698, ndani watu wanakufa kwa njaa na maradhi. Meli iliyoletwa kuwaokoa, Santo António de Tanná, ikazama hapo hapo mbele 1697, na vyombo vilivyotolewa chini ya maji viko kwenye makumbusho ndani, bakuli za kichina na mitungi ambayo unaweza kudhani ni ya nyanya yako. Kisha Mwingereza akaifanya jela kutoka 1895 mpaka 1958. Marehemu mamangu alikuwa akisema wakipita pale utotoni wanageuza uso.

Muonyeshe pia ile michoro ya ukutani, askari wa Kireno waliochoka walichora meli na watu kwa mkaa na rangi, kama vile watoto wetu wanavyochora kwa ukuta wa sebule. Akisema bado ni mawe tu, nunua tiketi yako peke yako, yeye muache nje na madafu.

*Kaptula zinaruhusiwa Mji wa Kale? Mchumba wangu anasema nisiwe mshamba.*

Hakuna askari wa kukushika. Lakini ile ni mitaa ya watu, sio hoteli, wamama wanapita na mabuibui yao, watoto wanatoka chuoni, yaani madrasa. Valia kitu cha kufunika magoti na mabega, au funga leso juu ya kaptula, dakika moja tu. Na ukitaka kumpiga mtu picha muombe kwanza, anza na salamu, mzee muamkie. Utashangaa milango itakayofunguka, na mimi nimeona wageni wakakaribishwa hadi ndani wakapewa juisi ya ukwaju. Mkija Ramadhani mjue mchana hapo pa kula ni shida, msitafune mkitembea, lakini jioni kuanzia magharibi ni raha tupu, kaimati, sambusa, mkate wa sinia, mji unalala karibu na daku.

*Shangazi ni mimi tena wa Kitengela, nimesahau. Mama mkwe nimbebee nini? Ni mtu wa kuangalia sana.*

Leso, hakuna mjadala. Enda barabara ya Biashara, duka zimepangana. Lakini mwanangu, SOMA JINA, yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso, kabla hujalipa! Maua yatakudanganya. Kuna jirani yetu alimpelekea mama mkwe wake leso nzuri ya kijani, mama akaifungua mbele ya wageni, imeandikwa Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mama mwenyewe ndiye aliyekuwa amekaa kwao wiki ya tatu. Wewe mtafutie dua au Wema hauozi, kitu kama hicho, na uwaulize wauzaji wakueleze maana kama hujaelewa, huwa wanapenda kuulizwa. Inauzwa mbili zimeshikana, usimpelekee hivyo, mpe fundi wa cherehani hapo hapo nje ya duka azikate na kuzipinda, unangoja umesimama.